Namna ya Kupima Lignini kwenye Mabua ya Nafaka: Mwongozo Kamili wa Maabara

Ukigawa gunia moja la mabua ya mpunga mara mbili, nusu ukaipeleka maabara ya lishe ya mifugo na nusu maabara ya nishati, usishangae ya kwanza ikikwambia lignini ni asilimia 5 na ya pili ikakwambia ni 25. Mizani inaweza kuwa sahihi kote kuwili na mafundi wote wakawa makini. Wa kwanza alichemsha mabua kwenye sabuni yenye asidi, ambayo huondoka na sehemu ya lignini kabla haijapimwa. Wa pili alipima kila kilichogoma kuyeyuka kwenye asidi kali, silika ikiwemo, akasahau kuitoa. Lignini yenyewe iko kati ya namba hizo mbili.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimamia jambo moja: namba ya lignini ya mabua haina maana mpaka ijulikane imepatikana kwa njia gani na nini kimeondolewa ndani yake. Nimeuandika kwa fundi wa maabara na mwanafunzi wa kilimo au kemia anayetakiwa kutoa jibu ambalo mtu atalifanyia uamuzi. Mabua ya mpunga ya Mwea hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ya ngano ya Narok na Hanang hulishwa au huachwa shambani. Kwingine yanaoteshewa uyoga, yanatiwa kwenye mtambo wa bayogesi au yanashindiliwa kuwa mkaa mbadala. Kila mmoja wa watu hao anaiuliza lignini swali lake.

Unachokitafuta, na vinavyojifanya ndicho

Lignini ni polima ya fenoli inayokaza kuta za seli za mmea. Kwenye misonobari imejengwa karibu yote kwa vipande vya guaiasili. Miti ya majani mapana huongeza siringili. Nafaka zote ni jamii ya nyasi, na nyasi zina aina hizo mbili pamoja na kiasi kidogo cha hidroksifenili. Zaidi ya hapo zina asidi mbili zilizofungwa kwa vifungo vya esta: ya p-kumariki, ambayo kwa sehemu kubwa imebandikwa kwenye lignini yenyewe, na ya feruliki, ambayo imeshikamana na hemiselulosi na kuiunganisha na lignini. Vifungo hivi vya esta hukatwa kirahisi na alkali. Ndiyo sababu mabua yaliyofukiwa na maji ya urea, ambayo hutoa amonia, humeng'enywa vizuri zaidi hata pale kipimo cha lignini kinapoonyesha kwamba haikupungua sana.

Vitu vitatu hujifanya lignini kwenye mabua. Cha kwanza ni silika. Mpunga huinyonya kutoka kwenye maji ya shamba na kuitandaza kwenye majani. Majivu ya mabua ya mpunga mara nyingi ni asilimia 12 hadi 20, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, ambayo haiyeyuki kwenye asidi ya salfuriki. Cha pili ni protini. Ni kidogo kwenye mabua, lakini sehemu yake hubaki pamoja na lignini. Cha tatu ni sukari iliyoungua: ukikausha sampuli kwa joto kali au ukaiacha kwenye asidi kupita muda, sukari huungana na protini au zenyewe kwa zenyewe na kuwa masizi ya kahawia yasiyoyeyuka.

Upande wa pili kuna lignini inayojificha. Nyasi zina sehemu ya lignini inayoyeyuka kwenye asidi na kupita kwenye chujio. Usipoipima, umeiacha kwenye maji uliyomwaga.

Chagua njia kabla ya kuwasha tanuri

Njia ninayoipendekeza kwa mabua ni ile ya asidi ya asilimia 72 kwa hatua mbili. Inaitwa kwa jina la Peter Klason, mkemia wa Sweden, na toleo lake linalotumika sana siku hizi ni lile la maabara ya utafiti wa nishati ya Marekani iliyojulikana kama NREL. Inahitaji gramu 0.3 tu za sampuli, na maji yake ya kuchujia yanakupa lignini inayoyeyuka. Kama una HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima sukari moja moja, yanakupa glukosi na zailosi pia.

Njia ya Van Soest, iliyoanza kuenea baada ya 1963, hutoa namba inayoitwa ADL, yaani lignini inayobaki baada ya sabuni yenye asidi. Maabara za malisho huitumia kwa sababu majedwali ya lishe ya mifugo yamejaa namba hizo. Itumie unapolinganisha malisho na malisho. Nitaieleza baadaye kidogo.

Ya tatu, ya asetili bromaidi, huyeyusha sampuli nzima na kuipima kwa mwanga wa nanomita 280. Ni ya haraka na inafaa ukiwa na sampuli mia za kulinganisha, lakini jibu lote linategemea kigezo cha ufyonzaji ulichochagua, na kigezo hicho hubadilika kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Sishauri ianzie hapo maabara ambayo haijawahi kupima lignini.

Vifaa

Mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, tanuri ya nyuzi 105 za Selsiasi, tanuru ya kuchomea inayofika 575, kinu cha visu, kifaa cha Soxhlet cha kuoshea sampuli kwa kimiminika kinachozunguka, beseni la maji linaloshika nyuzi 30, otoklevu, pampu ya kuvutia hewa, desiketa (chombo kikavu cha kupozea), spektrofotomita ya mwanga wa urujuani yenye kijichupa cha kwatsi. Krusibo za kuchujia ziwe za kauri yenye vinyweleo vya wastani. Zile za kioo hazikuundwa kwa joto la 575, na ukizitia tanuru utazipoteza pamoja na matokeo yako.

Asidi ya asilimia 72 usiipime kwa ujazo wa kukisia. Kwa takriban mililita 100, weka gramu 43.3 za maji yaliyokenekwa kwenye bika iliyokaa ndani ya barafu, kisha mimina polepole gramu 120 za asidi ya asilimia 98 huku ukikoroga. Asidi huenda kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Soma lebo ya chupa: kama asidi yako ni ya asilimia 96, tumia gramu 122.5 za asidi na 40.8 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 20 densiti yake inapaswa kuwa 1.634, na haidromita ya bei nafuu itakuthibitishia. Asidi iliyofunguliwa zamani hunyonya unyevu wa hewa na kudhoofika, hasa mijini pwani. Asidi dhaifu huacha selulosi bila kuyeyuka, na selulosi hiyo utaihesabu kuwa lignini bila kujua.

Vaa miwani ya kinga, glavu na koti. Wakati wa kusaga mabua ya mpunga vaa barakoa pia, kwa kuwa vumbi lake lina silika.

Hatua ya 1: Kuchukua sampuli

Kosa la hapa halirekebishiki mbele. Bua si kitu kimoja: lina shina, vifundo, ala na majani, na kila sehemu ina lignini na silika yake. Kwenye ngano majani humeng'enywa kuliko shina. Kwenye mpunga ni kinyume, kwa sababu silika imejazana zaidi kwenye majani. Ukivuta konzi ya juu ya robota unapata majani yaliyovunjika; ukivuta ya katikati unapata mashina.

Chukua konzi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, juu, katikati, chini na pembeni, kutoka marobota kadhaa. Changanya kwenye turubai safi, katakata vipande vya sentimita chache, tandaza duara, gawa robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ubaki na kama nusu kilo. Ondoa punje, magugu na udongo. Andika aina ya mbegu kama inajulikana, urefu wa kukata kutoka ardhini, na kama rundo lilinyeshewa: mvua huosha sukari na potasiamu, na asilimia za vilivyobaki hupanda zenyewe.

Hatua ya 2: Kukausha na kusaga

Kausha kivulini au kwenye tanuri isiyozidi nyuzi 45. Kuweka 105 ili umalize haraka ni kutengeneza lignini ya uongo, kwa maana sukari na protini huanza kuungana joto linapozidi 60. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 10, saga kwa kinu chenye chekeche la milimita 2, kisha cheketa upate chembe za kati ya maikromita 180 na 850.

Vumbi laini linalopita maikromita 180 usilitupe kimyakimya. Kwenye mabua lina majivu mengi kuliko chembe nyingine. Lipime uzito, na kama ni sehemu kubwa lipime majivu peke yake na uliandike kwenye taarifa, kwa sababu sampuli iliyobaki si ileile uliyoleta kutoka shambani.

Hatua ya 3: Unyevu na majivu ya jumla

Pima gramu 1 hadi 2 mara mbili, kausha kwenye 105 hadi uzito usibadilike, kisha choma kwenye 575 upate majivu. Sehemu nyingine ya sampuli, ile ya kupimia lignini, haipiti kwenye 105 kabisa. Unyevu wake unaujua kwa hesabu. Unyevu huo hubadilika kila siku kulingana na hewa, hivyo pima unyevu siku ileile unapopima uzito wa sampuli ya asidi.

Hatua ya 4: Kuondoa vinavyoyeyuka

Weka gramu 5 hadi 10 kwenye kifuko cha karatasi cha Soxhlet. Anza na maji yaliyokenekwa kwa saa 6 hadi 24, mpaka maji yanayorudi yawe hayana rangi, kisha ethanoli ya asilimia 95 kwa saa 16 hadi 24. Maji hutoa sukari huru, chumvi na sehemu ya protini; ethanoli hutoa nta, klorofili na fenoli ndogo ambazo si lignini. Tandaza mabua yakauke kwa hewa, pima uzito na unyevu upya, na hesabu asilimia iliyoondoka. Utaihitaji mwishoni kurudisha jibu kwenye mabua asilia.

Wengi huruka hatua ya maji wakidhani ethanoli inatosha. Kwa mbao pengine unaweza kuivumilia njia hiyo. Kwa mabua ya nafaka vitu vinavyoyeyuka kwenye maji ni vingi, na sukari ikiingia kwenye asidi ya 72 sehemu yake hugeuka masizi.

Hatua ya 5: Asidi ya asilimia 72

Siku moja kabla, choma krusibo tupu kwenye 575 kwa saa 4, zipoze kwenye desiketa, pima. Zishike kwa koleo tu. Mafuta ya vidole yana uzito.

Pima gramu 0.30 (kati ya 0.29 na 0.31) za mabua yaliyosafishwa kwenye neli ya shinikizo au chupa inayostahimili otoklevu. Fanya marudio mawili au matatu ya kila sampuli. Ongeza mililita 3.00 za asidi ya 72, koroga kwa kijiti cha kioo mpaka kila chembe ilowe, weka kwenye beseni la nyuzi 30 kwa dakika 60 kamili. Koroga kila baada ya dakika 5 hadi 10 bila kukitoa kijiti. Uvivu wa kukoroga ndio chanzo cha marudio yasiyolingana, kwa sababu donge lililokauka ndani huficha selulosi isiyoguswa. Dakika 60 zikiisha unatakiwa kuona kitu kama uji mzito mweusi usio na nyuzi hata moja. Ukiona nyuzi, kagua nguvu ya asidi yako na ukubwa wa chembe zako kabla ya kuendelea.

Saa isizidi. Ukiwa na sampuli nane, zianze kwa kupishana dakika chache ili kila moja ipate muda wake sawasawa.

Hatua ya 6: Kuzimua na kupika

Ongeza mililita 84 za maji yaliyokenekwa. Asidi inashuka hadi karibu asilimia 4 na ujazo wote unakuwa mililita 86.73. Funga, geuzageuza ichanganyike, pima uzito wa chupa, tia otoklevu kwenye nyuzi 121 kwa saa moja kwa mpangilio wa vimiminika. Acha ipoe taratibu hadi karibu joto la chumba kabla ya kufungua. Pima uzito tena: ukiwa umepungua, mvuke umetoka na hesabu ya lignini inayoyeyuka haitakuwa sahihi.

Maabara isiyo na otoklevu haijakwama. Mtindo wa viwanda vya karatasi, TAPPI T 222, hutumia gramu 1 ya sampuli na mililita 15 za asidi ya 72 kwa saa 2 kwenye nyuzi 20, kisha unazimua hadi mililita 575 na kuchemsha saa 4 huku ujazo ukidumishwa kwa kirudisha mvuke au kwa kuongeza maji ya moto. Angalia hiyo nyuzi 20: joto la chumba Morogoro au Mombasa ni zaidi ya hapo, hivyo beseni la maji na barafu ni la lazima. Matokeo ya njia hizi mbili yanakaribiana, lakini usiyachanganye kwenye jedwali moja.

Hatua ya 7: Kuchuja

Chuja kupitia krusibo uliyopima kwa kuvuta hewa. Kabla hujaongeza tone la maji ya kuoshea, chukua mililita 50 za maji yaliyochujwa, yatie kwenye chupa safi, andika saa. Hayo ndiyo ya lignini inayoyeyuka, na yanapaswa kupimwa ndani ya saa 6. Baada ya hapo osha mabaki kwa maji ya moto, angalau mililita 50 na kuendelea, mpaka karatasi ya litmasi isibadilike. Asidi iliyobaki hujikoleza kwenye tanuri na kuunguza mabaki.

Mabua ya mpunga huchuja polepole kwa sababu ya silika laini. Vuta hewa kidogo kidogo tangu mwanzo badala ya kufungua pampu yote; mvuto mkali hukandamiza tabaka la chini na kuziba vinyweleo.

Hatua ya 8: Kukausha, kupima, kuchoma

Kausha krusibo kwenye 105 kwa saa 4 au zaidi mpaka uzito utulie, poza kwenye desiketa, pima. Kisha tia tanuru: ipande hadi 250 taratibu na ikae nusu saa ili mabaki yaungue bila kuwaka moto na kurusha chembe, halafu ipande hadi 575 na ikae saa 3 au zaidi, mpaka kilichobaki kiwe cheupe au kijivu hafifu bila madoa meusi. Poza, pima.

Tofauti ya uzito kabla na baada ya kuchoma ndiyo lignini isiyoyeyuka, bado ikiwa na protini. Usikwepe tanuru kwa kutoa yale majivu ya jumla ya hatua ya 3. Potasiamu na chumvi nyingine zilishaondoka na maji na asidi, ila silika imebaki. Ukitoa majivu yote unatoa kitu ambacho hakimo, na ngano ndiyo itakayoumia zaidi kwa kuwa majivu yake yana chumvi nyingi zinazoyeyuka.

Hatua ya 9: Lignini inayoyeyuka kwenye asidi

Zimua maji yaliyochujwa kwa asidi ya asilimia 4 mpaka ufyonzaji wa mwanga uwe kati ya 0.7 na 1.0, na tumia asidi hiyohiyo kusawazisha sifuri. Urefu wa wimbi ni uamuzi wa kufikiria. Kwenye nanomita 205, inayotumika sana kwa mbao na kigezo cha 110, vitu vinavyotokana na kuungua kwa sukari huingilia. Kwa mabua ya mahindi mwongozo wa NREL hutumia nanomita 320 na kigezo cha lita 30 kwa gramu kwa sentimita. Mimi hutumia hicho kwa mpunga na ngano pia, kwa kuwa ni jamii moja na furfurali, zao la sukari iliyoharibika, haisumbui sana pale, na ninakiandika kwenye kila taarifa ili mwingine aweze kukokotoa upya.

Hatua ya 10: Protini ndani ya mabaki

Andaa krusibo ya ziada kwa kila sampuli, ifikishe 105 tu, kisha kwangua mabaki upime naitrojeni kwa Kjeldahl. Zidisha kwa 6.25 upate protini, toa kwenye lignini. Kwa mabua yaliyokomaa kabisa ni nusu asilimia hivi, na ukikosa Kjeldahl sema wazi kwamba hukutoa. Kwa mabua yaliyotiwa urea, yaliyooteshewa uyoga au yaliyokatwa mabichi, hatua hii si ya hiari.

Hesabu, kwa mfano mmoja

Tuchukue mabua ya mpunga yaliyosafishwa, uzito gramu 0.3052, unyevu asilimia 6.0. Uzito mkavu ni 0.3052 × 0.94 = 0.2869.

Mabaki kwenye 105 ni gramu 0.0712, na majivu yake kwenye 575 ni 0.0332. Lignini isiyoyeyuka ni 0.0712 − 0.0332 = 0.0380, yaani asilimia 13.2. Bila tanuru ungeandika 24.8.

Naitrojeni ya mabaki ni asilimia 0.35, protini ni 0.35 × 6.25 = asilimia 2.19 ya mabaki, yaani gramu 0.0016. Inabaki 0.0364, sawa na asilimia 12.7.

Maji yaliyochujwa yamezimuliwa mara 4 na ufyonzaji ni 0.720 kwenye nanomita 320. Lignini inayoyeyuka ni 0.720 × 4 × 0.08673 ÷ (30 × 0.2869) = 0.029, asilimia 2.9.

Jumla ni 15.6 ya mabua yaliyosafishwa. Kama Soxhlet iliondoa asilimia 14, zidisha kwa 0.86: lignini ni asilimia 13.4 ya mabua asilia makavu. Ndivyo inavyotarajiwa kwa mpunga. Ngano na mahindi mara nyingi huangukia kati ya 15 na 20.

Kujikagua

Marudio yakiachana kwa zaidi ya pointi moja ya asilimia, rudia. Tenga kilo kadhaa za mabua ya rundo moja yaliyosagwa vizuri, yaweke pakavu, na yapime pamoja na kila kundi la sampuli. Namba ya mabua hayo ikihama, kuna kitu kimehama kwenye maabara. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa mabua ya ngano ya rejea, RM 8494, kwa kazi hii, lakini mabua yako ya ndani unayoyapima kila mara yanakulinda vizuri. Ukiwa na HPLC, jumlisha lignini, sukari, majivu, protini na vilivyoondolewa. Jumla ikiwa mbali na 100, usitoe namba yoyote mpaka ujue kilichopotea au kuhesabiwa mara mbili.

Ukiombwa ADL

Chemsha gramu 1 ya sampuli iliyosagwa kwa chekeche la milimita 1 kwenye mililita 100 za mchanganyiko wenye gramu 20 za CTAB, ndiyo sabuni yenyewe, kwa lita ya asidi ya salfuriki ya 0.5 M, dakika 60 tangu ianze kuchemka. Chuja ikiwa moto, osha kwa maji yanayokaribia kuchemka, kisha asetoni, mbali na moto. Kausha na pima: hiyo ni ADF, yaani nyuzi zinazobaki baada ya sabuni yenye asidi. Funika mabaki kwa asidi baridi ya 72, koroga, jaziliza kila saa kwa saa 3, chuja, osha mpaka asidi iishe, kausha, pima, choma, pima. Kinachopotea kwenye tanuru ni ADL.

Kwenye nyasi, Klason inaweza kuzidi ADL mara mbili au zaidi, kwa sababu sabuni yenye asidi huondoka na lignini iliyoshikamana na hemiselulosi. Usimpe mtaalamu wa lishe Klason aiingize kwenye mlinganyo uliotengenezwa kwa ADL. Mlinganyo utamwambia ng'ombe wake anakula kuni.

Maji ya CTAB hudhuru samaki na viumbe wa majini, hivyo hayaendi mtoni wala kwenye mfereji wa mvua. Yakusanye. Asidi zimua kwanza kwenye maji mengi, kisha izime kwa chokaa au bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo.

Kuisoma namba

Kwa mfugaji, lignini pekee haitoshi. Mabua ya mpunga yana lignini ndogo kuliko ya ngano na bado humeng'enywa vibaya, kwa sababu ya silika. Mpe namba zote mbili, na kama unaweza, kipimo cha umeng'enyekaji. Kwa bayogesi lignini ni mzigo, kwani bakteria wasiotumia oksijeni hawaivunji kwa kiasi cha maana. Kwa mkaa mbadala ni faida, kwa kuwa inatoa joto zaidi kwa gramu kuliko selulosi, ila majivu ya mpunga yatajaa jikoni.

Kwa uyoga wa mamama, unaovunja lignini kweli, kuna mtego wa hesabu ambao nimeuona ukipotosha tasnifu nzuri. Uyoga hula pia selulosi na hemiselulosi, na mabua hupungua uzito. Tuseme kilo 1 kavu yenye lignini asilimia 15, yaani gramu 150, imebaki gramu 650 yenye asilimia 18. Asilimia imepanda, lakini lignini iliyobaki ni gramu 117. Gramu 33 zimeliwa, zaidi ya moja ya tano. Pima uzito wote wa mfuko kabla na baada, na toa jibu kwa gramu.

Taarifa yenyewe iandikwe hivi: "Mabua ya mpunga, yaliyokatwa sentimita 10 kutoka ardhini, hayakunyeshewa. Yametolewa vinavyoyeyuka kwa maji na ethanoli (14.0%). Lignini ya Klason isiyoyeyuka, bila majivu na bila protini, 10.9%, inayoyeyuka kwenye asidi, nanomita 320, kigezo 30, 2.5%, jumla 13.4% ya uzito mkavu wa mabua asilia. Marudio matatu, mchepuko sanifu umeambatishwa."